Nguzo za Taa ya Buluu

Jumanne ya pili ya Septemba, saa nne asubuhi, Darlene Vrbka, fundi wa chuo, aliegesha kigari chake cha umeme kando ya ziwa la chuo ili aijaribu nguzo ya dharura namba kumi na nne, yenye kitufe cha kuita askari wa chuo, akakuta haipo. Mahali iliposimama kwa miaka kumi na sita palikuwa na nyasi zilizokatwa vizuri. Hakukuwa na shimo.

Aliipata baada ya dakika tano, nyuma ya jengo la kilimo, penye vyumba vya vioo vya mahindi. Ilikuwa imesimama hatua nne kutoka mlango wa ofisi ya Profesa Alden Rusk. Msingi wake wa zege ulikuwa umezama ardhini sawasawa na taa yake ya buluu ilikuwa inawaka. Darlene alifuta vumbi kwenye kamera, akabonyeza kitufe chekundu.

"Kumi na nne, jaribio."

"Nakupata," mpokea simu alijibu kutoka chumba cha ulinzi. "Kuna baridi huko ziwani?"

"Siko ziwani. Niko kwa Rusk."

"Mtambo unasema ziwani."

"Basi andika kwamba imehama."

"Hakuna pa kuandika hivyo, mama."

Kufikia Oktoba nguzo zilizohamia kwa Rusk zilikuwa saba. Zilihama mchana, kwa mwendo wa mtu aliyebeba mzigo, na wanafunzi walizipisha bila kuinua macho kwenye simu zao. Nguzo namba tisa ilivuka barabara siku ya Jumatano, siku ambayo mkahawa hupika maharage ya nyama na kuyapakua pamoja na mkate mtamu wa mdalasini. Foleni ilikuwa imefika nje, kwa hiyo wengi waliiona ikisubiri taa za barabarani zibadilike.

Profesa Rusk alianza kutundika koti lake kwenye iliyo karibu zaidi.

Darlene alikwenda kwa Gerdes, mkuu wa ulinzi, ambaye zamani alikuwa askari wa barabara kuu na bado aliongea na watu kana kwamba amewasimamisha kwa kwenda kasi.

"Bosi, nipe ruhusa nibadilishe mahali pa nguzo kwenye mtambo. Mtu akibonyeza sasa hivi, askari anatumwa kusikohusika."

"Fomu inataka sababu. Utaandika nini?"

"Kwamba zimemfuata Rusk."

"Zimfuate kwa nini?"

"Usinichezee, Gerdes. Hata wapishi wanajua."

"Wapishi wapike." Alirudisha fomu upande wa Darlene kwa kidole kimoja. "Yule mzee ndiye anayeleta kampuni za mbegu hapa. Sitaandika jina lake kwenye karatasi ya ulinzi kwa sababu ya vyuma vinavyotembea. Futa kamera zako, usinitafutie balaa."

Kisha akaagiza nguzo mpya saba za kuziba mapengo.

Alhamisi ya wiki ile Darlene alimkuta Bethany Oltmans amesimama katikati ya nguzo, amekumbatia faili kifuani. Alikuwa mwanafunzi wa Rusk wa uzamivu. Kwa miaka minne alikuwa amekuza mahindi ambayo mabua yake hayaozi, na tasnifu yake ilihitaji saini moja tu, ya msimamizi wake. Kila Alhamisi saa kumi jioni alitakiwa kumpelekea kurasa, peke yake. Mara tatu alikuwa ameandika malalamiko juu ya Rusk. Mara tatu alijibiwa kwamba hakuna kilichothibitika.

"Hizi zote zinafanya kazi?" Bethany aliuliza.

"Zinafanya. Ila ukibonyeza hapa, askari ataenda ziwani. Nipigie mimi."

"Kwani wewe una bunduki?"

"Nina bisibisi."

Bethany alicheka, akafuta pua kwa mkono wa sweta.

"Si ubadilishe msimamizi, mwanangu?"

"Nikiondoka, mbegu zinabaki kwake. Ni zangu, Darlene. Nimezipanda kwa mikono yangu, na baba yangu alinisaidia kuvuna."

Bethany aliingia kwa Rusk. Darlene alisubiri pale hadi alipotoka.

Alhamisi iliyofuata alitumwa upande wa pili wa chuo, kwenye uwanja wa mpira, kusimamisha nguzo mpya. Saa kumi na dakika ishirini redio yake ya mkononi ilizungumza.

"Nguzo kumi na nne imebonyezwa. Askari aende ziwani."

"Siyo ziwani!" Darlene alipaza sauti. "Ni kwa Rusk! Angalia skrini yako!"

"Naangalia. Namwona binti. Shati lake limekatika vifungo. Naona na mlango wa Rusk."

"Sasa?"

"Maandishi chini ya picha yanasema ziwa."

Kule kwa Rusk, nguzo zote saba zilikuwa zimewaka, na kamera zake zilikuwa zimegeuka kuutazama mlango. Bethany alibonyeza vitufe vyote saba, kimoja baada ya kingine. Simu yake ilikuwa imebaki ndani, juu ya meza. Profesa alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa, naye akasubiri. Dakika kumi na moja zilipita. Askari wengine walitumwa mahali pa zamani pa nguzo nyingine; yule wa ziwani alikuta mabata bukini wawili.

"Unaona, binti," Profesa alisema. "Hakuna anayekuja. Ingia tuzungumze kistaarabu."

Bethany aliondoka kwa miguu, bila simu na bila faili. Kigari cha Darlene hakizidi mwendo wa baiskeli, na alipofika mlango ulikuwa umefungwa. Kahawa ilikuwa imemwagwa chini ya nguzo namba tisa.

Jumatatu Bethany alipata barua. Iliandikwa kwamba alikuwa ameita askari mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwepo, na kwamba alikuwa ametumia vibaya vifaa saba vya dharura kwa siku moja. Kwa kuwa hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, hakufukuzwa. Alitakiwa tu kupata saini ya msimamizi wake kuthibitisha kwamba wamezungumza, kabla ya Ijumaa. Bila saini hiyo, kadi yake isingefungua mlango wowote wa chuo, hata wa chumba cha mbegu.

Darlene alisoma barua mara mbili, akaenda kumwambia Gerdes kwamba ataingia na yule binti. Gerdes alisema hayo ni mazungumzo ya kitaaluma na fundi hana nafasi ndani yake. Jioni ile kadi ya Darlene iliacha kufungua jengo la kilimo.

Alhamisi saa kumi Bethany alipita njia ya vyumba vya vioo akiwa na barua mkononi. Nguzo zilikuwa kumi na nne sasa, maana zile mpya nazo zilikuwa zimewasili, zikajipanga nyuma ya zile za kwanza. Darlene, ambaye sasa hakuruhusiwa kuingia, alisimama upande wa pili wa vyumba vya vioo akitazama, na bisibisi mfukoni. Nguzo zilibana, hazikuacha hata upenyo, na Bethany alizungumza nazo kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu, mpaka zikasogea kumpisha.

Profesa alikuwa ameuacha mlango wazi.