Wateja wa Ozella

Siku ya nne ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi ya mwisho wa Desemba, kanisani kwao watu huapa kwamba mweusi atanunua kwa mweusi mwenzake. Siku hiyo wanaiita Ujamaa, neno lililotoka kwetu, nao hulitamka wanavyojua wenyewe na mimi sijaona sababu ya kuwasahihisha. Wanawasha mshumaa, wanasimama, mkono juu: mwaka huu nywele nitatengeneza kwa Charmayne, samaki nitakula kwa Verlene, na nikifa maiti yangu mpelekeeni Bostick wa mazishi. Watu wanacheka, wanapiga makofi. Ukifika mwezi wa pili kila mmoja yuko kwenye foleni ya baga, kiapo amekikunja kabatini pamoja na vitenge.

Verlene Tolliver alikuwa amevichoka viapo hivyo. Duka lake la samaki lilikuwa la mwisho kusimama katika mtaa wa Harmon, pale Milwaukee. Mama yake, Ozella, alilifungua enzi ambazo mtaa ulikuwa na fundi suti, muuza kofia, duka la dawa na kilabu cha muziki. Kisha wakubwa wa jiji wakapitisha barabara kuu juu ya vyote hivyo, na duka la Ozella likapona kwa kuwa lilikuwa upande wa pili wa kona. Sasa Ozella alikuwa marehemu, na mwenye jengo alishamwambia Verlene kwamba ikifika Pasaka na biashara iko vile vile, atafute pengine. Jarvell, mwanawe wa pekee, ndiye angelirithi. Lakini Jarvell aligongwa na gari la wizi lililopita taa nyekundu, akitoka kumpelekea mgonjwa chakula. Hayo yalikuwa majira ya pili ya baridi tangu azikwe.

Kabla ya kiapo humwagwa maji. Mtu anashika kikombe, anamimina kidogo kidogo kwenye chungu cha mmea, anataja jina la marehemu, na ukumbi mzima unaitikia, "Ashe," maana yake na iwe. Jambo hilo lina adabu yake. Unawataja, unawashukuru, unampa mwenzako kikombe. Mwaka huo kikombe kilimfikia Verlene akiwa na hasira. Aliwatazama waliojaa ukumbini, nusu yao wakiwa hawajakanyaga dukani kwake tangu siku ya maziko ya mwanawe, akaona heri aseme na wasiokuwepo.

"Bwana Lucius Peavy, fundi suti," akamimina.

"Ashe."

"Miss Idabelle wa kofia. Daktari Grimes wa duka la dawa. Na ninyi nyote mliokula kwa mama yangu." Alimimina tena. "Ninyi hamkuwa na maneno mengi. Mlikuja tu. Basi njooni tena. Njooni mle kwangu, maana hawa wazima wamenishinda!"

Watu walicheka, wengine kwa aibu, wakaitikia hivyo hivyo. Verlene akainama, akamwaga maji yote yaliyobaki. "Na wewe, Jarvell," akanong'ona. "Njoo." Hilo hakuna aliyeliitikia, kwa sababu aliyelisikia alikuwa Charmayne peke yake, msusi wa mtaa wa nyuma, aliyesimama naye bega kwa bega, na Charmayne alishikwa na baridi ya ghafla akashindwa kufungua mdomo.

Ijumaa iliyofuata theluji ilianguka tangu asubuhi. Ijumaa ndiyo siku ya samaki katika jiji lile, awe mtu wa kanisa au wa baa, na Verlene aliamka akagaragaza kambare kwenye unga wa mahindi na pilipili, akachemsha spageti, akakata kabichi. Mchana ulipita bila mteja. Jua la Januari lilipoanza kuzama, na halichelewi, mlango ulifunguka akaingia mzee mmoja mwenye koti refu jeusi lililokatwa vizuri.

"Kambare wawili, spageti, mkate, na sosi ya pilipili usiionee huruma," alisema, akaketi karibu na dirisha.

"Sawa, mzee. Kwa jina gani?"

"Andika lolote. Ozella ananijua."

Verlene alikuwa tayari amemtia samaki kwenye mafuta kabla hajayasikia sawasawa maneno yale. Aligeuka. Theluji ilikuwa mabegani mwa mzee, nyeupe, imetulia, na ingawa joto la karai la mafuta lilikuwa linakitoa jasho kioo cha dirisha, haikuyeyuka. Nyuma yake aliingia mwanamke mwenye kofia ya manyoya. Nyuma yake wengine, na wengine. Walikaa, wakavua glavu, wakaongea kwa sauti za chini kama watu wanaosubiri ibada ianze. Duka likajaa hadi mlangoni.

Ukitaka kujua kama aliogopa, aliogopa. Alishika ukingo wa kaunta. Mama yake alimfundisha tangu utotoni: ukisikia unaitwa na humwoni akuitaye, usiitike. Yeye ndiye aliyeita, na hawa ndio walioitika. Ozella mwenyewe hakuwemo. Ozella hakuwa mtu wa kuitikia wito wa ovyo.

Kisha akamwona aliyeketi kwenye stuli ya mwisho, kando ya friji, kichwa kimeinama, na jaketi la bluu alilotoka nalo siku aliyogongwa. Hofu yote ilimtoka. Verlene alimwekea sahani, spageti nyingi, bila kabichi, kwa maana Jarvell hakuwahi kupatana na kabichi. Mtoto aliinua macho akamtazama mama yake. Verlene alikaanga samaki jioni ile huku machozi yanamtiririka, naye alikuwa na furaha. Mgeni njoo mwenyeji apone, wasema watu, na yeye alijiona amepona.

Walipoondoka, mmoja mmoja, bila kishindo, sahani zilibaki zimejaa. Hakuna kipande kilichoguswa. Verlene alionja kimoja, akakitema. Samaki alikuwa na rangi yake na ukavu wa mkaango wake, lakini chumvi haikuwemo, pilipili haikuwemo, hata usamaki wenyewe haukuwemo. Ilikuwa sawa na kutafuna karatasi.

Wakaja Ijumaa ya pili, na ya tatu. Wakaanza kuja na Jumamosi, na Jumatano. Verlene alinunua kambare kwa mkopo, akawakaangia wageni, kisha samaki akawatupa. Hakulalamika. Jarvell alikuwa anaketi pale pale kando ya friji, na mama yake alikuwa anamhadithia habari za mtaa huku akigeuza samaki: nani kaolewa, nani kahamia Atlanta, paka wa jirani kazaa wapi. Jibu hakupata hata moja. Ila kila wiki aliona jaketi lile linazidi kupauka, na uso nao unafifia, na macho ya mtoto yanaelekea mlangoni mara nyingi zaidi kuliko kwake. Aliona. Akajifanya haoni.

Mwishoni mwa Februari Charmayne alimkuta anamwaga takataka nyuma ya duka.

"Shoga, umekonda kama ufagio," alisema. "Na biashara yote hiyo! Hela unazipeleka wapi?"

"Biashara ipi?"

"Usinifanye mjinga. Nimepita hapa Ijumaa zote. Nataka kutimiza kiapo changu mie, mtu wa Mungu, lakini watu wamejaa hadi mlangoni. Nikasema mwache mwenzangu apate riziki yake. Dada Luvenia kapita, kaona vivyo hivyo. Shemasi naye. Kila mtu kanisani anakusifu, 'Verlene hapatikani siku hizi.' Tumekwenda kula baga, Mungu atusamehe."

Verlene aliiweka ndoo chini. "Mliwaona nyuso?"

Charmayne alifikiri. Kicheko kilimwishia mdomoni. "Migongo," alisema. "Makoti. Kila nikipita ni migongo tu. Mbona hakuna aliyegeuka hata siku moja?"

Juu ya barabara kuu malori yalikuwa yanapita, na chini yake, mahali palipokuwa na duka la suti, kulikuwa na giza tu na theluji chafu.

"Nilikusikia siku ile," Charmayne alisema taratibu. "Wafu tunawashukuru, Verlene. Hatuwaaliki. Nani alikufundisha kualika?"

"Ninyi hamkuja!"

"Hatukuja. Kweli. Aibu yetu hiyo, na naibeba." Alimshika mkono. "Sasa tunataka kuja na hatuna pa kukaa. Pasaka hiyo inagonga hodi. Mgeni siku mbili, mwenzangu, ya tatu mpe jembe. Hawa wako watakumaliza."

"Siwezi kuwafukuza. Niliwaita mwenyewe. Na yeye yumo, Charmayne. Yumo."

Charmayne hakuuliza nani. Alifuta macho kwa kiganja cha glavu. "Nani kasema kufukuza? Kwetu mgeni anafukuzwa? Mgeni kwetu anaondokaje?"

Verlene alilijua jibu, na ndiyo sababu alilia. Katika nyumba zao hakuna anayemwambia mtu aondoke. Shughuli ikiisha, iwe harusi iwe matanga, mwenye nyumba huingia jikoni akafunga sahani kwa karatasi ya foili, akakuletea mkononi. Ukishapewa sahani yako umeagwa. Mtu aliyelelewa hasubiri sahani ya pili, anatafuta koti lake.

Ijumaa ile Verlene alikaanga mapema. Walipokwisha kukaa alichukua roli la foili akaanza kufunga. Alimpelekea kwanza Bwana Peavy. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akamtazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa na kitu kama haya.

"Tumekaa sana, binti," alisema.

"Mmekaa vizuri, mzee. Asante kwa kuja."

Akasimama, akafunga vifungo vya koti, akatoka. Miss Idabelle alipokea yake na kuinamisha kofia. Daktari Grimes alipokea. Mlango ulifunguka na kufungwa, ukafunguka na kufungwa, na kila ulipofunguka hewa ya ndani ilipata joto kidogo. Mwishowe meza zote zilikuwa tupu. Pembeni ya friji alibaki mmoja.

Verlene aliweka foili kabatini. Alifuta meza ambazo hazikuwa na uchafu. Alipanga chupa za sosi. Alijiambia kwamba mmoja si neno, stuli moja haimzuii mteja, waliojaa hadi mlangoni wamekwisha kwenda. Nani angejua? Duka lingejaa watu wa kweli, na mwanawe angekaa pale pale na kumtazama akizeeka. Alijiambia hivyo akaelekea kuamini.

"Mama."

Sauti ilikuwa yake ile ile, ya mtu aliyekaukwa na koo kwa kulala muda mrefu. Verlene hakugeuka. Hakuweza.

"Mama, mimi hujanifungia sahani."

"Wewe si mgeni," alisema, uso ukutani. "Hapa ni kwako. Mtoto hafungiwi."

"Nimechoka, Mama. Nisaidie niondoke."

Ndipo alipogeuka. Uso ulikuwa umebaki kidogo sana, ukungu wa uso, na lililoonekana wazi lilikuwa ni uchovu. Tangu Januari alikuwa amekaa pale kwa adabu, akisubiri mama yake amruhusu, kama alivyofundishwa. Mimi ndiye niliyemweka, aliwaza. Si gari tena. Ni mimi.

Alifungua kabati, akaitoa tena foili. Akamchagulia vipande vikubwa, akatia spageti, akaongeza kipande, akaongeza kingine.

"Inatosha, Mama."

"Huli vya kutosha wewe. Hukuwahi."

Akafunga foili taratibu, akakunja kingo zote, akarudia kukunja zilizokwisha kukunjwa. Akaishika mbele yake. Jarvell akaishika upande wa pili. Verlene hakuiachia. Mtoto alivuta kidogo, kwa upole, jinsi yeye mwenyewe Verlene alivyokuwa akiuvuta mkono wake kutoka vidoleni mwa mtoto siku za kwanza za shule. Foili ilikuwa ya moto. Alivuta tena. Vidole vya mama vikafunguka, kimoja baada ya kingine, na mlango ukafungwa.

Alikuwa bado amesimama, mikono mbele, uliposukumwa tena kwa kishindo. Charmayne aliingia akipiga viatu chini kuondoa theluji, nyuma yake Dada Luvenia, Shemasi, na kundi zima la kwaya wakisukumana na kulalamika baridi. Theluji iliwayeyuka mabegani ikadondoka sakafuni. Mtu aliuliza mbona kuna joto hivi. Shemasi aliitaka sosi kabla hajaketi.

Charmayne alipita moja kwa moja hadi stuli ya mwisho kando ya friji, akavua kofia, akajitupa juu yake. Verlene alifungua mdomo kumkataza. Kisha akamuuliza anataka vipande vingapi.