Nyasi za Mama Usikanyage

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, kweli iliyofuliwa ikaanikwa juani. Nikikutwa nimeongeza hata jani moja, nitamwagilia bustani kuu ya jiji kiangazi kizima, kwa ndoo, jua la utosi, na sitauliza mpira wa maji uko wapi.

Jiji hilo lilikuwa na mkuu wa bustani, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene. Watu walimwita Mama Usikanyage, kwa kuwa hilo ndilo neno lililoandikwa kwenye kibao chake pale langoni, na ndilo lililomtoka kinywani kabla ya salamu. Nyasi za bustani kuu alizipanda mwenyewe, magoti chini, tangu pale palipokuwa uwanja wa vumbi na chupa zilizovunjika. Zikaota laini, fupi, kijani cha kupoza macho. Mende akitaka kuvuka alizunguka kwa barabarani. Upepo wenyewe ukifika pale ulipunguza mwendo.

Mabenchi yalikuwepo, ila yalikaa katikati ya nyasi. Kulifikia benchi lazima ukanyage, na kukanyaga hakuna. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuketi. Rangi ya mabenchi ilibaki ile ile ya siku yalipoletwa, na Mama Usikanyage aliitaja kama mzazi anayesifu adabu ya wanawe.

Basi Meya akapata wazo. Jiji lilikuwa linakua, lakini kwake yeye lilikua kwa kujivuta. Jiji la ng'ambo ya mto lilikuwa linazoa kila mwenye godoro la kuhamisha. Akaita kikao.

"Nataka watu," alisema. "Wenye kazi, wenye watoto, wenye kulipa kodi. Na watu wa siku hizi hawahami bila kuulizia bustani."

"Bustani ipo, Mheshimiwa," alijibu Mama Usikanyage, akijiweka sawa kitini.

"Ipo. Jana nimepita. Nzuri kama picha, na tupu kama picha. Jumamosi naleta basi zima la watu wanaotafuta pa kuhamia. Wakikuta hamna hata mtu mmoja, watadhani ni makaburi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nataka watu mle ndani. Wamekaa, wamelala, wanacheka. Wageni wasipopendezwa, mama, Jumatatu pale naweka maegesho ya magari. Maegesho angalau yatajaa."

Siku hiyo Mama Usikanyage alirudi nyumbani akakisukuma chakula pembeni. Mumewe, mstaafu mmoja mcheshi, mwenye sura nzuri kwa umri wake, alijaribu kumtuliza.

"Si waache wakanyage siku moja tu, mke wangu? Zitaota tena."

"Wewe ukikanyagwa na basi zima, utaota tena?"

Mume akakivuta kile chakula upande wake.

Ijumaa aliwakusanya wafanyakazi wa manispaa, akawavua viatu, akawafundisha kutembea. "Unyayo mzima! Msichimbe kwa visigino! Wewe wa vyeti vya kuzaliwa, unatwanga nini?" Kisha akagawa kazi. Hawa wakae benchini, wale watembee wawili wawili. Shemeji yake, dereva wa gari la taka, akapangiwa kulala chini ya mti. Mhasibu wa jiji akapangiwa kucheka.

"Nicheke nini?" aliuliza Mhasibu.

"Chochote."

"Kwa idhini ya nani?"

Jumamosi ikafika, na kwa kweli ilikuwa aibu. Waliopangiwa benchi walipanga foleni kwa vyeo, mkubwa akaketi kwanza, wadogo wakamsubiri amalize. Waliopangiwa matembezi walitembea kama wanaosindikiza jeneza. Mhasibu alisema "ha," akatazama saa, akasema "ha" nyingine. Basi la wageni lilikuwa linakata kona. Mama Usikanyage aliyaona maegesho ya magari yakija mbio.

Kilichomwokoa ni shemeji. Yule bwana hakulala kwa kuigiza. Amelala kweli kweli, mdomo wazi, anakoroma kama gari lake likipanda mlima, na njiwa mmoja ametua tumboni mwake, anapanda na kushuka. Mhasibu akamwona. Kicheko alichokiweka akiba tangu aajiriwe kikamtoka chote kwa mpigo. Akaanguka chini, akashika mbavu, akagaagaa. Mkubwa aliyekuwa benchini naye akaangua kicheko. Mpaka wageni wanashuka, manispaa nzima ilikuwa chini, inalia kwa kucheka.

Mama mmoja mgeni, mwenye mtoto mgongoni, alivua ndala bila kuambiwa. "Dada, kwani ninyi huku hamna shida?"

"Tunazo," alisema Mama Usikanyage, macho yakiwa kwenye miguu ya yule mama, "ila tunaziacha nje ya uzio."

Wakahamia. Wakaja na magodoro, vyerehani, makabati, kuku ndani ya vikapu. Daraja lilipinda kwa uzito, na mpaka leo limepinda, nenda ukalitazame. Lakini tangu Jumamosi ile ile Mama Usikanyage alikuwa amekwisha kufunga lango, akalirudisha kufuli, akapiga magoti kuzichana nyasi zake kwa vidole. Wahamiaji walisimama nje ya uzio, watoto wamepenyeza pua kwenye nondo. Hata Mhasibu alikuja saa ya chakula.

"Mama, nifungulie kidogo. Nicheke mara moja tu, nirudi ofisini."

"Chekea hapo hapo."

Haikupita muda Meya akamwita tena, uso umechanua.

"Mama, umetuokoa! Wamekuja wengi mpaka nyumba hazitoshi. Sasa tuwaweke wapi?"

"Sijui, Mheshimiwa. Mimi ni wa nyasi."

"Nimezunguka jiji zima natafuta kiwanja. Kikubwa, tambarare, kiko katikati, na hakitumiwi na mtu." Akakohoa. "Tutajenga maghorofa. Tutayaita Maghorofa ya Bustani, kwa heshima yako."

Mama Usikanyage akatoka humo ofisini. Alikuwa ameleta watu bustanini ili bustani ipone, na sasa bustani inakufa kwa sababu watu wamekuja. Usingeweza kumlaumu Meya kwa uongo. Ni kweli haikutumiwa na mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyehakikisha.

Asubuhi wapima ardhi walipokuwa njiani, alifika na sepeto. Akakata ukanda mmoja wa nyasi, ule mzuri kuliko yote, akaukunja kama mkeka, akampa shemeji aupeleke nyumbani kwa gari la taka. Kisha akafungua lango. Akang'oa kibao chake. Na kwa ile sauti nene iliyowafukuza watu miaka yote, akawageukia walioshika nondo.

"Mnatazama nini? Ingieni! Kanyageni!"

Hakuna aliyesogea. Walidhani mtego.

"Kanyageni, nimesema! Kwa visigino!"

Wapima ardhi walipofika na vigingi vyao, hapakuwa na pa kuvipigia. Kila walipoelekeza nyundo, palikuwa na mtu amejinyoosha.

"Bibi, sogea kidogo nipige kigingi."

"Mwanangu, mimi mgongo ndiyo kwanza umekubali."

Meya akaja mwenyewe, amefura. "Nani kawaruhusu hawa?"

"Wewe, Mheshimiwa. Ulisema unawataka mle ndani, wamekaa, wamelala, wanacheka. Hao hapo, walipa kodi wako. Waamshe."

Meya aliwatazama walipa kodi. Walipa kodi wakamtazama. Akavua viatu.

Maghorofa yakajengwa nyuma ya stendi, kwenye gereji kuukuu ya manispaa. Nyasi hazikumaliza msimu. Mbele ya kila benchi pakabaki udongo mtupu, na kile kibao sasa wauza chai wanakitumia kama sinia. Mama Usikanyage huja jioni, huketi benchini, akitazama vumbi likirudi pale pale alipolifukuza, na mtoto wa mtu akipita mbio hujikaza asiseme neno.

Ila ule ukanda mmoja upo hai mpaka leo, chini ya kitanda chake. Huukata kwa mkasi, na mumewe kila asubuhi akishusha miguu kitandani hukanyaga umande.

"Umande upi?"

Sauti hiyo imetokea nyuma ya bega langu, na ni nene.

"Mke wangu, hujambo? Nilikuwa naandika tu."

"Chini ya kile kitanda kuna ndala zako na vumbi. Ukanda niliupanda kwenye kaburi la mama, na uliubeba wewe kwa toroli, ukilalamika njia nzima. Na daraja limepinda lini?"

"Limepinda kidogo."

"Na hiyo sura nzuri kwa umri wake?"

 Ameinama, amekisoma kile kiapo changu cha mwanzo, akakirudia kwa sauti, polepole, kisha akaenda uani. Nasikia ndoo inajazwa. Jua limefika utosini, na mpira wa maji, naapa, sijauliza uko wapi.