Walimufunika na Nini

"Tuanze polepole," Lydie alisema, akisogeza kipaza sauti karibu na kinywa cha Huguette. "Wasikilizaji wanajua jina ya groupe, Mabati. Lakini weye hawakujue. Ulitokea wapi, marafiki wako ni nani, unapenda nini. Vitu vidogo vidogo tu."

Huguette alitazama kiti kilichobaki wazi. Kilikuwa cha Fiston, mpiga ngoma wao. Jana asubuhi Fiston alipakia abiria kwenye pikipiki yake kwenda Fataki, akaahidi kulala huko na kuwahi kipindi. Kipindi kilikuwa kimeanza na simu yake bado haipiti.

"Réseau ya kule iko mubaya," Davy, mwimbaji wao, alikuwa amesema pale nje mlangoni, naye Huguette akaitikia upesi, kama mtu aliyepewa mkono wa kumvusha matope. Sasa Davy alikuwa ameketi ubavuni mwake, simu juu ya paja.

Huguette akajibu alichoulizwa. Alizaliwa kando ya ziwa, upande wa Mahagi. Baba yake alivua, mama yake alikausha samaki. Parokiani kulikuwa na gitaa la besi lenye shingo iliyopasuka, na wavulana wa kwaya hawakulitaka kwa sababu halikuimba wimbo, lilinguruma tu chini yake. Yeye alilichukua. Nyuzi zilipokatika alifunga waya za breki za baiskeli, ndiyo maana ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama kwato. Alikuja Bunia kwa shangazi yake, mtaa wa Ngezi, amalize shule. Shule haikuisha. Siku hizi alikuwa na kibanda cha kutengeneza baffle, spika kubwa za muziki: alikata karatasi iliyochanika, akabandika nyingine, akasubiri gundi ikauke, kisha akaweka kiganja juu yake kusikia kama sauti imerudi.

"Na rock?" Lydie aliuliza, akicheka. "Hapa kwetu batu wanachezaka ndombolo."

"Ni Fiston alianzisha. Tulikuwa majirani. Mama yake, mama Adeline, alikuja toka Butembo na biashara ya vitunguu, na mutoto akapiga mabeseni yake mpaka yakapoteza sura. Siku moja nikaruka ukuta ya lupango yao nikamuambia, weye unakimbia sana, ngojea wenzako. Tukagombana. Kesho yake nikarudi na besi."

"Aliacha kukimbia?"

"Apana. Mpaka leo."

Hata Davy alitabasamu.

"Basi kwa sababu hayupo wa kujitetea," Lydie alisema, "tuambie yeye anapenda nini."

Huguette alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Kumsema Fiston kulimleta karibu, kama vile angefungua mlango wakati wowote na vumbi lake. "Avoka na mukate. Umuwekee nyama, yeye atatafuta avoka. Anapenda barabara ikishanyeshewa, vumbi imelala. Na vijiti vyake vya ngoma, alivichonga mwenyewe, muti ya mapera. Haviachake nyumbani. Akiendesha pikipiki anavitia mu bote ya mguu wa kushoto. Ukimuuliza kwa nini si ya kuume, anasema mguu wa kuume iko na kazi ya kukanyaga frein."

Lydie alicheka mpaka akajiweka mbali na kipaza sauti. Kisha akafungua simu za wasikilizaji. Wa kwanza alisalimia watu wote wa Ngezi. Wa pili alikuwa mwanamke, na nyuma ya sauti yake upepo ulikuwa ukivuma.

"Karibu mama, unatupigia toka wapi?"

"Niko infirmière, muuguzi, huku kwa barabara ya Fataki. Nilipanda ku mulima kutafuta réseau, nipigie batu wa Bunia, na redio iko sikioni. Huyo kijana wa vijiti. Munasema anavitiaka mu bote ya kushoto?"

"Ndiyo, mama! Munamujua?"

"Iko hapa kwetu."

"Anafanya nini kwenu?" Lydie aliuliza, kicheko kikiwa bado kwenye koo lake.

Upepo ulivuma. "Batu wa bunduki walivamia barabara jana mangaribi," yule mwanamke alisema. "Tulimufunika."

Mtu wa mitambo, nyuma ya kioo, alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliweka muziki. Lydie alishika mdomo kwa mikono miwili. Davy aliinama mpaka paji lake likagusa meza. Huguette alikuwa tayari ameshasimama, kwa sababu kitu kimoja tu kilikuwa kimemjia kichwani: mama Adeline alikuwa anasikiliza.

Huguette alipofika kwao mbio, alimkuta pamoja na majirani. Alikuwa amewaita waje wamsikie mwanawe, na redio ilikuwa juu ya kigoda katikati ya ua, ikiendelea kupiga muziki wa furaha ambao hakuna mtu aliyethubutu kuuzima. Adeline alikaa chini na ungo wa maharagwe mapajani. Vidole vyake bado vilikuwa vikichambua.

Huguette alipiga magoti mbele yake.

"Walisema tulimufunika," Adeline alisema. "Nilisikia muzuri. Walimufunika na nini?"

"Mama, sijue."

"Majani? Sachet ya plastiki? Mutoto wangu anafunikwa na nini?" Aliuliza bila kupaza sauti, kama anayeuliza njia.

"Nitaenda kuangalia."

Davy alimfuata hadi barabarani, akamshika mkono. "Huguette, hauendi. Ile barabara iko bado na wale batu."

"Basi weye ukae na mama."

Davy akamwachia. Alikaa. Hata watu walipomsema baadaye kwamba aliogopa, Huguette hakukubali. Ni Davy aliyeosha vyombo, akapokea wageni, akazunguka mjini kubandua matangazo ya konseri ya Jumamosi kwa kucha zake.

Wamotari, waendesha pikipiki wenzake Fiston, waliondoka jeshi lilipofungua barabara. Walikuwa wengi, na Josias, mkubwa wao, alimpakia Huguette nyuma yake bila kumuuliza kitu. Nyuma walikokota toroka, mkokoteni wa kubebea mbao. Walipita mashamba ambayo mahindi yake yalikuwa yamekauka bila mtu wa kuyavuna, na nyumba zilizobaki kuta tu.

Yule muuguzi aliitwa Clémence. Alikuwa mfupi, mzee kuliko sauti yake, na viatu vyake vilikuwa na matope ya ule mlima. Aliwapeleka kwenye baraza ya zahanati. Wafu walilazwa kwa mstari, wengine chini ya majani ya migomba, wengine chini ya mifuko ya unga iliyopasuliwa. Mmoja alifunikwa liputa la kitenge la bluu lenye ndege wa manjano. Lilikuwa limepauka, pindo limechanika, lakini lilikuwa limefuliwa.

"Mashuka iliisha," Clémence alisema. "Hili nilikuwa nimelivaa."

Huguette aliinua mwenyewe ncha ya liputa. Alitazama mpaka hapakuwa na njia nyingine ya kuamini. Viatu vilikuwa miguuni.

"Vijiti sikuvitoa," Clémence alisema. "Niliona si kazi yangu."

Walimlaza Fiston kwenye toroka, wakarudi taratibu, taa zikiwaka mchana. Walipoingia Bunia mmoja akabonyeza honi, na kabla hawajafika Ngezi honi zote zilikuwa zikilia, na wauzaji wakasimama kando ya barabara, mikono kichwani.

Adeline hakwenda kwenye toroka kwanza. Alikwenda kwa Huguette.

"Liputa, mama," Huguette alisema. "Ya infirmière mwenyewe. Bleu, na ndege."

"Iko safi?"

"Iko safi."

"Mupya?"

Huguette alimwona alivyokuwa anamtazama. "Ndiyo, mama. Mupya kabisa."

Adeline aliitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu aliyelipwa alichodai. Ndipo akaenda kwenye toroka, wamama wakimfuata.

Walimzika Fiston akiwa amefungwa na lile liputa, kwa sababu Adeline alikataa litolewe. Watu wa matanga walipopungua, alimwita Huguette ndani.

"Yule mama alitoa liputa yake mupya," alisema. "Hatuwezi kumuachilia hivi. Utafute ya sawasawa. Bleu, na ndege. Josias atamufikishia."

Huguette alikwenda soko kuu. Ule mchoro ulikuwa wa zamani. Muuzaji wa kwanza hakuwahi kuuona, wa pili aliukumbuka kwa shida, akasema kiwanda kilishauacha. Wa tatu alimwambia akae. Alipanda juu ya sanduku, akaanza kushusha maliputa moja moja, akiyakunjua hewani: maua, samaki, miavuli, taa, majani mapana ya kijani, ndege bado. Yaliangukia magotini mwa Huguette, yakimfunika hadi kifuani, yakinuka wanga na upya, na yule muuzaji alikuwa bado anachomoa mengine kutoka juu.