Kaka Mkubwa wa Ndani ya Simu

Opondo hakuwa mtu wa magemu. Alikuwa fundi wa mbao pale Otonglo, kando ya barabara ya Busia, na vitanda vyake vilisifiwa mpaka Kisian. Lakini asubuhi hiyo mdogo wake Sydney alikuwa ametoa gemu ya simu aliyoihangaikia na wenzake wawili kwa muda mrefu, akamwekea kwenye simu yake, akamsihi aicheze mpaka jioni kisha amwambie ukweli. Wengine watanisifu tu, alisema, lakini wewe hujui kusifu. Hapo hakukosea.

Sasa kuna jambo lazima lisemwe, hata kama Opondo angelichukia. Kwao Kisian, mdogo hajengi nyumba kwenye boma la baba kabla ya mkubwa wake. Opondo ndiye mkubwa, na hakuwa amejenga. Alipanga chumba mtaani Obunga, na kila mwaka alisema mwaka ujao, kwa sababu alitaka nyumba ya mawe yenye baraza, si kibanda. Mganga hajigangi: nusu ya milango ya Otonglo ilitoka mikononi mwake, na yeye mwenyewe hakuwa na hata kizingiti. Sydney alikuwa na mchumba, Beldina, na kwao Beldina walishaanza kuuliza binti yao atapelekwa nyumba gani. Opondo aliyajua yote hayo. Ila alikuwa hodari wa kubadilisha mazungumzo.

Baada ya chakula cha mchana alikaa juu ya rundo la mbao, akafungua gemu. Ilianza kwa nyuzi za nyatiti, polepole, kisha ziwa likatokea na magugu yake yote, hata ile rangi ya maji baada ya mvua. Opondo akaguna kwa kuridhika. Akaambiwa achague mtu wake, akachagua mvuvi kijana, akampa kifua kipana kuliko alichonacho yeye. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na joka linalosumbua watu, na kazi ya mvuvi ilikuwa kwenda kuliua. Lakini hapewi mkuki mpaka awe na nyumba yake. Haya basi, Opondo akabonyeza Jenga.

Maandishi yakatokea: Kaka yako hajajenga. Subiri.

Kaka mwenyewe alikuwepo, amekaa kwenye kigoda mbele ya boma, ana kofia iliyopinda ya Opondo na kitambi cha Opondo. Opondo akacheka, akabonyeza Subiri. Jua likatua, likachomoza, kaka kakaa. Akabonyeza tena. Mvua zikaja, mahindi yakavunwa, kaka kakaa. Akabonyeza mara ishirini, mara thelathini, mpaka yule mvuvi kijana akaanza kuota mvi.

Hapo kicheko kikamkauka. Huyu mtoto nimembeba mgongoni, aliwaza, leo ananianika mbele ya Kenya nzima! Akaweka simu kando, akachukua randa, akaranda ubao kwa hasira mpaka ukawa mwembamba wa kutofaa kitu. Hasira ikaisha. Ikabaki aibu, na aibu hairandwi.

Jioni Sydney akafika, mbio mbio, uso wa mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Akauliza gemu ameionaje.

"Nimekuelewa," Opondo alisema. "Ungeniambia kwa mdomo tu, omera, ndugu yangu."

Sydney hakuelewa. Alichukua simu, akamwona mvuvi wa mvi, akashika kichwa. Akaeleza haraka haraka kwamba hiyo ni hitilafu, labda kwa sababu simu yenyewe ni ya zamani, na ataitengeneza leo hii. Kofia na kitambi, ndiyo, hivyo alivichukua kwa Opondo, anaomba msamaha. Lakini kaka hakai vile. Siku ya tatu anainuka, anajenga, kisha anamwonyesha mdogo wake mahali pa kujenga.

"Siku ya tatu?"

"Ya tatu. Nilijaribu kumfanya akawie, mchezo uwe mgumu. Nikaona hafanani na wewe, jaduong', mkubwa wangu, nikafuta."

Opondo angependa kutukanwa. Tusi angelijibu, maana maneno ya kujibu tusi hayakumpungukia tangu azaliwe. Lakini hii ilikuwa sifa. Aliipangusa randa ambayo haikuwa na vumbi, akaiweka chini.

"Na mimi umenisubiri miaka mingapi?"

Sydney alimrudishia simu.

"Sita."

Alisema bila lawama, kama anayetaja umri wa mtoto. Opondo akazipitia kwa macho nguzo zilizoegemea ukuta, za kazi ya mtu ambaye hakuwa amekuja kuzichukua.

"Jumamosi tunaenda nyumbani na hizi," alisema. "Nitajenga ya matope. Wiki inayofuata unaanza yako."

Sydney akafungua mdomo kuuliza habari ya mawe, akaufunga. Aligeukia barabara, akafuta macho kwa mkono wa shati, na Opondo akajua miaka sita ilikuwa mirefu kiasi gani.