Alama Kumi za Selipher

Selipher alikuwa akisuuza sinia la kahawa katika nyumba ya kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, mtaani Al-Suwaidi, Riyadh, wakati alama ya dole gumba la kulia ilipombanduka. Ilibaki kwenye sinia, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumanne. Akaendelea na vikombe.

Kufikia mwisho wa mwezi zilikuwa zimebanduka zote kumi. Kwa miaka mitatu alisugua vyoo saba kila siku kwa dawa kali, mikono mitupu. Kwenye mafunzo kule Nairobi waliambiwa kwamba msichana anayeitisha glavu anaonyesha kinyaa, na mwenye kinyaa hurudishwa nyumbani. Kwa hivyo hakuitisha.

Alama hazikukaa bure; usiku zilifanya kazi zenyewe. Familia ikiamka ilikuta vyombo vimeoshwa, kola za mashati zimesuguliwa, na alama za vidole vya Selipher juu ya kila kitu. Madam, mke wa kafili, alifurahi. Kwa kuwa sasa Selipher alikuwa na nafasi, akamtuma pia kusafisha nyumba ya mama mzazi wa Madam kila alasiri.

"Mtu haachi kitu cha mwili wake kwa nyumba ya watu," mama yake Selipher, Rael, alimwambia kwa simu kutoka Kakamega. "Ziokote!"

"Nikiziokota zinarudi kazini, Mama. Wacha tu. Mimi naondoka."

Alikuwa anaomba visa ya kwenda nchi moja ya baridi, ya kutembea huku unafanya kazi.

"Ni kutembea ama ni kazi?" Rael akauliza.

"Vyote. Unachuma matufaha, halafu unazunguka kuona nchi."

"Kama ni kuchuma, huku kuna majani chai yanakungoja."

Walicheka kidogo. Visa hiyo hakupewa mtu aliyepita miaka thelathini, na Selipher angetimiza thelathini na moja Alhamisi. Miadi yake ilikuwa Jumatano, Jeddah, ambako familia ilikuwa inaenda likizo ya pwani bila kafili, ambaye wote walimwita Baba. Siku nyingine haikuwepo. Alipoomba pasipoti yake, Madam aliitoa kwenye droo na kumpa bila kubisha. Hapo ndipo alipaswa kushtuka, lakini alikuwa na haraka.

Jumatano karani wa ofisi ya visa alimwambia aweke vidole juu ya kioo cha mashine. Hakikuonyesha kitu. Karani akafuta kioo, kisha akafuta vidole. Bado hamna. Akamwonyesha benchi, ambako wanawake kumi na wawili walikuwa wameketi viganja vikiwa magotini.

Mlinzi wa mlangoni, Protus, alikuwa mtu wa Bungoma. "Zako ziko wapi, dada?"

"Riyadh."

"Za wengi ziko Riyadh. Harakisha, hawa hufunga saa tisa."

Akampigia Madam.

"Madam, nakuomba. Mwambie Baba anitumie alama zangu. Hata na ndege ya saa sita."

"Mafi, hakuna. Ziko kazini."

"Lakini ni zangu, Madam."

"Zimebanduka nyumbani kwangu. Mimi nimekuzuia? Si pasipoti nilikupa? Yalla, njoo upike."

Saa tisa ofisi ikafungwa. Alhamisi Selipher akatimiza thelathini na moja, akikaanga samaki.

Waliporudi Riyadh, geti lilifunguliwa na alama zake kabla hajaligusa. Baba, aliyekuwa amebaki kwa ajili ya kazi yake, alikuwa amezifanyia alama ikama mpya, kibali cha kuishi nchini. Ya Selipher ilikuwa imeisha, na Baba alisema nyumba moja haihitaji ikama mbili kwa kazi moja. Alionyeshwa mkeka kwenye stoo. Alasiri aliendelea kwenda kwa mama yake Madam.

"Basi rudi nyumbani," Rael alisema kwa simu. "Matufaha yao waachie. Rudi hivyo hivyo, nitakulisha."

"Mama, hata uwanja wa ndege wanataka vidole."

"Madam amesema aje?"

"Ningoje mkataba wa alama uishe."

"Unaisha lini?"

Selipher alikuwa ameuona mezani kwa Baba alipokuwa akipanguza vumbi. Alama zilikuwa zimetia sahihi zenyewe, zote kumi, zimepangana vizuri. Mahali pa tarehe ya mwisho palikuwa patupu.

"Mwaka ujao, Mama," akasema.