Sofa Mubashara

Mama mdogo alishasema: sofa lisipopata mnunuzi leo kupitia simu, kesho baba mdogo afunge karakana, akabebe saruji dukani kwa shemeji yake. Basi baba mdogo, fundi wa watu, akavaa shati jeupe na tai. Chini, kaptula ya kazini yenye dirisha nyuma.

"Simu inaonyesha kifua tu," akanihakikishia, akaketi katikati ya sofa. Mimi, mpiga picha nisiye na mshahara, nikabonyeza. Tukawa mubashara.

Watu wakaanza kuingia. Kila jina likitokea kwenye kioo, yeye anasalimia.

"Karibu, kaka! Watoto hawajambo? Na ule mguu umepona?"

"Baba mdogo, sofa!" nikanong'ona.

"Nitamuuziaje mtu sijamjulia hali?"

Muda unakwenda, hata mto hajaugusa. Mtazamaji mmoja akaandika, "Kwani huyu anauza salamu?"

Ndipo likatokea jina la mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama!" Akaruka wima kwa heshima zote, na kaptula ikasimama naye. Kushtuka, akageuka akimbie. Dirisha likatazamana na kamera. Akajitupa nyuma ya sofa.

"Mkwe yuko wapi?" mama mkwe akaandika. Nikamsomea kwa sauti, mbavu sina.

"Niko hapa, mama," sofa likajibu.

Weee! Watazamaji wakaitana. Mmoja akauliza, "Sofa, umetengenezwaje?" Baba mdogo, ambaye sasa haoni jina la kusalimia, ulimi ukafunguka: mbao zimekaushwa kivulini, viungo vimechongwa vikaumana, sponji ukiinuka inainuka nawe. "Nikalieni hata ukoo mzima!" sofa likatamba.

"Nalitaka," akaandika mmoja.

"Nimetangulia mimi!" mwingine.

"Wewe na nani?"

Wakashikana mashati humo humo simuni, mpaka mama mkwe akaamua: wa kwanza achukue hili, wa pili atengenezewe lake.

Mama mdogo, aliyekuwa mlangoni amekunja mikono, akampigia kaka yake. "Kaka, tafuta mbebaji mwingine." Akakata, akainama nyuma ya sofa. "Toka basi, bwana fundi."

"Mama yako ameondoka?"

"Yupo. Anauliza kama unatengeneza na meza zinazoongea."

"Mwambie ndiyo. Halafu niletee suruali."