Kitabu cha Saba cha Ormsbee

Bi Lavinia Ormsbee alikataa kutia sahihi siku ya Jumatano, chai ikiwa bado ya moto. Alikataa kwa neno moja tu, kisha akaendelea kukoroga sukari yake kana kwamba mpwa wake alikuwa amemuuliza kama angependa maziwa.

"Hapana ya nini, Shangazi?" Winthrop aliuliza. "Hati ya kuipa maktaba karatasi zetu imeshaandikwa na wakili. Mimi nimeshatia sahihi yangu. Maktaba inafunguliwa Jumamosi, na masanduku thelathini na moja yamejaa ukumbi mzima!"

"Nimeyaona. Nimejikwaa mara mbili."

Katika mji wa Merrow, kando ya mto Kennebec, kila kitu cha maana kilikuwa na jina la Ormsbee: shule, daraja, na sasa maktaba ya mawe iliyogharimu fedha nyingi kuliko kanisa. Utajiri wote huo ulitoka kwenye barafu. Wakati wa baridi mto ulikatwa vipande kama mkate, ukafungiwa maghalani chini ya unga wa mbao, na joto lilipofika ukapakiwa melini kwenda kuuzwa kwa watu wasiojua baridi ni nini. Winthrop hakuwahi kukata hata kipande kimoja, lakini alikuwa anagombea useneta wa jimbo, na alitaka karatasi za ukoo zikae kwenye makabati ya vioo ambapo wapiga kura wangeziona. Barua za mapenzi za bibi, hati za meli, nywele za watoto waliokufa wachanga, na vitabu arobaini vya nakala za barua za kampuni. Kwa wosia, vyote vilikuwa mali ya watu wawili, yeye na shangazi yake. Bila sahihi ya Lavinia hakuna sanduku ambalo lingekuwa mali ya maktaba.

"Nitatia sahihi," Lavinia alisema, "kitabu cha saba kikifunguliwa mbele ya watu, ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu, na kikisomwa kwa sauti."

"Una nini huo ukurasa?"

Akamwambia. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Kwa miaka kumi na mmoja Lavinia ndiye aliyekuwa akinakili barua za baba yake, Mzee Josiah. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kitabu cha nakala kilikuwa na kurasa nyembamba kama ganda la kitunguu, zimepigwa namba kiwandani, kila karatasi namba moja. Barua ikishaandikwa kwa wino maalumu, unaipachika chini ya ukurasa mtupu, unaulowesha ukurasa kwa brashi, unaweka kitambaa cha mafuta huku na huku ili maji yasipenye kurasa nyingine, unafunga kitabu, unakisukuma chini ya chuma na kuzungusha gurudumu kwa nguvu zako zote. Ukifungua, barua imeacha sura yake kitabuni. Mzee Josiah hakutoa karatasi mlangoni bila nakala, hata kama inakwenda kwa mtu ambaye angeweza kumwita dirishani.

Asubuhi ya tarehe kumi na mbili Februari, mwaka 1866, Silvanus Gowell, nyapara wa ghala la tatu, alileta kikaratasi. Nguzo za upande wa mto zimepinda, aliandika, nasimamisha upakiaji. Mzee Josiah alikisoma, akakitupa motoni, akaandika jibu. Lavinia alilisoma jibu hilo wakati akilinakili, na akashtuka hata akasahau kitambaa cha mafuta. Baba yake alipokifungua kitabu na kukikuta kimelowa chepechepe, alimfokea. Watu saba walikuwa na saa nne tu za kuishi, na yeye alikuwa anafoka kuhusu maji.

Saa tisa alasiri ukuta wa ghala ulipasuka. Walikufa watu saba, Gowell akiwa mmoja wao. Mbele ya hakimu wa uchunguzi, Mzee Josiah aliapa kwamba nyapara hakuwahi kumwambia neno, na kwamba alijaza ghala kupita kiasi kwa ukaidi wake mwenyewe. Kampuni ikasimamisha jiwe la kumbukumbu kando ya mto. Lilichongwa majina sita.

"Nami nilikuwa nimekaa safu ya pili akiapa," Lavinia alisema. "Nimevaa glavu mpya. Nyumbani akaniambia, barua ile usiitie kwenye faharasa. Basi. Kuichana hakuthubutu, maana namba ikikosekana watu huuliza. Lakini barua isiyo kwenye faharasa, katika kurasa mia tano, nani ataiona?"

"Babu ni marehemu," Winthrop alisema. "Gowell ni marehemu. Sasa haya yanamsaidia nani?"

"Huldah Gowell si marehemu. Jana ameniuzia mayai."

Winthrop akazunguka meza, akaangalia masanduku yake, kisha akatabasamu. "Haya, Shangazi. Jumamosi utakifungua mwenyewe. Nakuahidi."

Lavinia angepaswa kushtuka palepale. Aliishi na watu hao maisha yake yote na alijua kwamba Ormsbee akikubali upesi, ameshaona mlango wa nyuma. Lakini alikuwa ameshautua mzigo wa miaka thelathini na mitatu, na mtu aliyetua mzigo huona kila kitu chepesi.

Ijumaa alikwenda kwa Huldah. Alimkuta jikoni anachambua maharage ya Jumamosi, bakuli magotini.

"Kama umekuja kusema mayai yalikuwa viza," Huldah alisema bila kuinua macho, "sirudishi kitu."

Lavinia alisimulia yote akiwa amesimama, kwa kuwa hakukaribishwa kiti. Vidole vya Huldah viliendelea kutupa mawe upande huu na maharage upande ule. Kisha vikasimama.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Mimi ishirini na sita, na mimba ya miezi saba. Mwanangu alikua akiitwa mtoto wa muuaji. Alipofikisha kumi na sita akaenda zake magharibi, na sijamwona tena. Na wewe kila Jumanne unakuja hapo mlangoni na kikapu chako, unaniuliza, Huldah, kuku hawajambo?"

"Naam."

"Kuku!"

"Huldah, naomba..."

"Usiniombe. Radhi yangu siuzi kwa dazeni. Mimi nataka jina la mume wangu kwenye lile jiwe. Na nataka nisikie hayo maneno kwa masikio yangu, nisiambiwe na mtu."

"Njoo kesho maktaba, saa sita."

"Nitakuja. Na usipokisoma, Lavinia, nitasimama juu ya zulia lenu jipya niseme mwenyewe. Watanitoa kwa kunibeba, na mimi, kama uonavyo, si mwepesi."

Lavinia alitoka mle jikoni amefedheheka na amepata nguvu, vyote kwa pamoja. Alikuwa amezoea watu wanaomwonea huruma kwa sababu hakuolewa. Kuchukiwa kwa haki kulimfanya atembee wima.

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa hadi ngazini. Winthrop alihutubia nusu saa kuhusu bidii ya mababu. Kisha hati ikawekwa mezani, karatasi moja nzito nyeupe, sahihi yake chini tayari, na kalamu kando yake. Mkutubi, Bwana Peaslee, mtu mwembamba mwenye miwani, akamvutia Lavinia kiti.

"Kwanza nipe kitabu cha saba," Lavinia alisema.

"Shangazi yangu mnamjua," Winthrop aliwaambia watu huku akicheka. "Wengine wana paka, yeye ana vitabu. Mpe, Peaslee, mpe!"

Watu wakacheka. Lavinia akafunua. Mia mbili na kumi na moja. Mia mbili na kumi na mbili. Mia mbili na kumi na nne. Karibu na mshono wa kitabu palibaki ukingo mwembamba wa karatasi, umenyooka sawasawa.

"Umekichana," alisema kwa sauti ya chini.

"Karatasi za zamani hutoka zenyewe, Shangazi," Winthrop alimnong'oneza.

"Hutoka zenyewe kwa wembe?"

"Tia sahihi tuwahi chakula. Au usitie, wazee husahau mambo, hakuna atakayekulaumu."

Lavinia aliinua macho akamwona Huldah nyuma kabisa, na kofia yake ya kanisani, mikono imefungwa kifuani, anangoja. Ilikuwa aibu kubwa kuliko ile ya safu ya pili. Mara hii alikuwa na nia ya kusema, na hakuwa na cha kusema.

Akayarudisha macho kitabuni kwa sababu hakuwa na pengine pa kuyaweka. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne ulikuwa haukutumika. Ulikuwa na madoa tu ya zambarau iliyofifia, na pembeni mwandiko wa baba yake kwa penseli: Umeharibika. L. kalowesha tena.

Kalowesha tena. Siku ya kitambaa cha mafuta! Maji yalikuwa yamepenya, na yalipopenya hayakwenda peke yake, yalibeba wino wa barua.

Winthrop alikuwa amesomea sheria na ufasaha wa kusema, lakini hakuwahi kulizungusha lile gurudumu. Hakujua kwamba kurasa zile, zikilaliana, maandishi ya chini huchanganyikana na ya juu hata usione kitu, na kwamba anayetaka kusoma hupachika karatasi nyeupe chini yake. Lavinia alitazama meza. Palikuwa na karatasi nyeupe moja tu. Akaichukua hati ya Winthrop, akaigeuza mgongo, akaitelezesha chini ya ukurasa wa mia mbili na kumi na nne.

Madoa yakawa maneno.

"Tarehe kumi na mbili Februari, 1866, saa tano asubuhi," alisoma, na sauti yake, ambayo mji ule ulizoea kuisikia ikiulizia mayai, ilifika hadi ngazini. "Bwana Gowell. Nimepata kikaratasi chako kuhusu nguzo za ghala la tatu. Nguzo si kazi yako. Jaza hadi kwenye paa, leo hii. Ukisimamisha kazi hata kwa saa moja, kesho usije. J. Ormsbee."

"Soma tena," Huldah alisema kutoka nyuma.

Akasoma tena, polepole zaidi. Bwana Peaslee aliinama, akasogeza miwani, akaangalia kwa muda mrefu. "Ni mwandiko wa Mzee Josiah," alisema. Hakuonekana kufurahi kusema hivyo, lakini alisema.

"Ukurasa umeharibika!" Winthrop alisimama, uso umemwiva. "Imeandikwa hapohapo kwamba umeharibika!"

"Ndiyo. Niliuharibu mimi. Ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya katika kampuni hii."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Winthrop aliinama mezani, na safari hii hakunong'ona vizuri, watu wa mbele walimsikia. "Funga hicho kitabu. Hujatia sahihi. Hizi bado ni karatasi za nyumbani kwetu, na zinarudi nyumbani leo."

Nyumbani kulikuwa na jiko kubwa la chuma, na Lavinia alijua lilikuwa limekula nini wiki ile. Akaivuta hati kutoka chini ya ukurasa, akaigeuza, akatia sahihi yake chini ya ile ya mpwa wake: Lavinia Ormsbee, jina lote, na mkia kwenye herufi ya mwisho.

"Bwana Peaslee," alisema, "sasa ni za nani?"

Peaslee aliitazama hati, kisha akamtazama Winthrop. "Za maktaba, Bi Lavinia. Kila karatasi."

"Basi naomba ruhusa ya maktaba. Kuna kazi yangu moja haijaisha."

Mkutubi akaitika kwa kichwa. Lavinia akafunua mwanzo wa kitabu, kwenye faharasa, ambako mwandiko wake wa usichana ulishuka kwa safu nadhifu chini ya kila herufi. Chini ya G palikuwa na nafasi. Akaandika: Gowell, Silvanus. Aonya kuhusu nguzo. Ukurasa 214.

Aliposogeza mkono akifunge, mkono mwingine, mnene, wenye kovu la tanuri, ulitua juu ya ukurasa na kuuzuia. Huldah alikuwa amepita katikati ya watu wote bila Lavinia kumsikia.

"Acha," alisema. "Wino haujakauka."

Hakumtazama Lavinia, wala Lavinia hakutarajia atazamwe. Walisimama hivyo, mmoja huku na mmoja huku, kitabu wazi kati yao, na ukumbi mzima ukangoja wino ukauke, Winthrop naye akangoja kwa kuwa njia ya kutokea ilikuwa imezibwa na watu. Baadhi yao walikuwa na baba au mjomba kwenye lile jiwe.

Huldah akaugusa mstari kwa ncha ya kidole. Kidole kilitoka safi.

"Haya," alisema, akageukia ukumbi. "Nani hapa ana patasi?"